Bangili Upande wa Kushoto

Nyumbani kwetu kuna eafoni mbili na zote ni mbovu. Moja mtoto aliitafuna upande wa kulia mpaka ukafa. Nyingine mume wangu aliikalia kwenye bodaboda, upande wa kushoto ukakatika, wa kulia ukabaki. Watu wananiuliza nilijuaje yale niliyoyajua juu ya ule wimbo, mimi niliyeishia kidato cha nne, ambaye sijasomea mambo ya sauti mahali popote. Jibu langu ni hilo. Nilikuwa na eafoni mbili mbovu na mtoto anayenyonya taratibu, na nilikuwa na hasira. Mtu mwenye hasira anasikia vizuri sana.

Mimi ni mtu wa juu, wa Mbulu, kwa wakulima. Nimeolewa chini, Getanuwas, kwa wafugaji. Mama mkwe wangu akitaka kunichokoza ananiita mtoto wa mahindi, nami namuuliza bila mahindi ya kwetu hayo maziwa yenu mngeyanywa na nini, na vumbi? Anacheka mpaka anashika mbavu. Tunapatana. Lakini si wanawake wote wa pale walionipokea hivyo.

Nilipomzaa binti yangu nilikaa ndani kama inavyotakiwa, na siku ya kutoka wanawake wa maboma ya jirani wakaja na mavazi yao ya ngozi na bangili za shaba zilizojaa mkono, waniimbie. Wapo waliosita. Mmoja, mama mrefu mwenye sauti kama filimbi, alisema mbele yangu akidhani lugha yao siijui: "Huyu ni wa huko juu. Wimbo huu atauweka wapi?"

Mama mkwe akamjibu, "Amezalia ndani ya boma langu. Atauweka pale nilipouweka mimi."

Wakaimba.

Wimbo wenyewe uko hivi. Mmoja anaimba kama ndiye aliye kwenye uchungu. Anasema mgongo, anasema giza la nyumba, anamsema hata mume aliyekwenda kuchunga kana kwamba hakuna kinachoendelea. Wengine wanamwitikia. Ila hawasubiri amalize. Mstari wake ukiwa bado mdomoni, wao wamekwisha ingia, sauti juu ya sauti, miguu inapiga chini, bangili zinalia, na yeye anamalizia maneno yake akiwa ndani ya sauti zao. Kila mstari hivyo. Hakuna hata sehemu moja ambapo anabaki peke yake.

Kwetu, kwaya ya kanisani, mtu akiingia kabla ya wakati mwalimu anagonga meza. Kwa hiyo nilimuuliza mama mkwe kwa nini wanaingia mapema. Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini ng'ombe ana miguu.

"Anayejifungua huwa mnamwacha peke yake?" akasema. Akaendelea kusafisha kibuyu chake.

Wimbo ule haukunitoka. Mume wangu anapiga gitaa la umeme, alijifunzia sekondari, na wana bendi yao yeye na wenzake wawili, mmoja wa besi na mmoja wa dramu. Wanapiga muziki wa gitaa zito, wa kupiga kelele na kurukaruka. Nikamwambia gitaa lako likikutana na wimbo wa mama yako, watu watasimama. Nikatunga mashairi ya Kiswahili ya kuimba mimi mwenyewe, na kiitikio kiwe ule wimbo wa wanawake. Mume wangu akasema sawa, lakini kawaombe wewe, mimi mwanamume kuuomba wimbo huo sina ruhusa.

Nikaenda kwao. Walikaa, wakazungumza, wakanihoji kama polisi. Mwisho wakakubali kwa sharti moja: wimbo utoke mzima au usitoke. Usikatwe. Yule mama mrefu akauliza nani anasimamia neno hili, na kabla sijafungua mdomo mama mkwe akasema, "Mimi." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wimbo ukiharibika, sitakuwa nimevunja neno langu. Nitakuwa nimevunja la kwake, mbele ya wanawake atakaoishi nao mpaka afe.

Prodyuza wetu alikuwa kijana mwenye studio Jorodom, pale Katesh, kwenye nyumba ambayo mstari wa tope la yale maporomoko ya mlima bado uko ukutani usawa wa dirisha. Ni mtu wa Mbulu kama mimi, jambo lililonifanya nimwamini bila sababu. Wanawake walikataa kuingia kwenye kile chumba chake kilichobandikwa magodoro. Wakasema wao si wagonjwa. Basi akaja yeye Getanuwas na maiki zake, akazisimika katikati ya boma, mbili tu, moja kushoto, nyingine kulia, upepo unavuma, mbuzi wanapita.

"Shikamooni mama zangu," akasema. "Dada, naomba uwaambie wavue bangili. Zinapiga kelele kwenye maiki."

Nikatafsiri. Wakatazamana. Mama mkwe akasema, "Mwambie atangulie yeye kuvua meno."

Sikutafsiri hilo, lakini walivyocheka alielewa. Bangili nyingine zile zimezungushwa mkononi tangu mwenyewe ni msichana, hazitoki, na hata zingetoka zisingevuliwa, kwa sababu ni sehemu ya ngoma. Mikono inaposhuka na miguu inapotua, shaba inagonga shaba, na hiyo ndiyo saa yao. Kijana akabonyeza kitufe, wakaimba. Mama mkwe alisimama upande wa kushoto, akaongoza. Nilikuwa nimembeba mtoto, na nakumbuka nilisimama nikijua tumepata kitu.

Wiki kadhaa baadaye wimbo ukaja kwenye simu, umeshachanganywa na gitaa na besi na dramu na sauti yangu niliyorekodi studio. Mume wangu akaucheza kwa spika ya simu, akaurudia, akaurudia tena, anatikisa kichwa. Prodyuza alikuwa ameandika kwamba amekwisha zungumza na mwenye gari la matangazo, wimbo utapigwa mnadani Katesh, mnada unaokuja. Mnadani ndiko wanawake wote wanakokwenda. Nikachukua simu, nikakimbilia nyumba ya mama mkwe.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo ulipoisha akauliza, "Hawa wanaoitikia ni akina nani?"

"Ni nyinyi, mama."

"Sisi hatuitikii hivi. Hawa wanasubiri. Wamemwacha."

Halafu akainua mkono wake, akautikisa, bangili zikalia ndani ya nyumba. "Na hizi ziko wapi?"

Akaenda kukamua. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Ndipo nikachukua zile eafoni. Nilikaa kwenye kigoda nje, mtoto kwenye ziwa, nikaanza na ile iliyotafunwa, ambayo inasikika kushoto tu. Ninyi wenye eafoni nzima hamtajua raha ya kusikiliza nusu ya wimbo. Ukisikiliza wote unakufunika kama blanketi, unasema mzuri, basi. Ukisikiliza nusu unaona mifupa.

Upande wa kushoto, mahali alipokuwa amesimama mama mkwe, nilimkuta mume wangu. Gitaa lake limejaa pale, nene, limekaa kama mgeni rasmi. Nyuma yake, mbali kama watu walio ng'ambo ya korongo, ndio wanawake. Nikabana sikio. Kila wanapoanza kuitikia kulikuwa na mlio mdogo sana wa shaba, kama chembe ya mchanga, halafu unakatika ghafla kama mlango uliofungwa. Bangili hazikukosekana, zilizibwa mdomo. Na kati ya mstari na mstari palikuwa na ukimya ambao boma letu halijawahi kuwa nao. Hakuna upepo, hakuna mbuzi. Hakuna pumzi. Wanawake wanaoruka na ngozi nzito mwilini, na hakuna anayehema.

Nikabadilisha, nikavaa ile ya kulia. Gitaa la pili, upatu wa dramu unapiga tsii tsii tsii bila kupumzika, na wanawake tena, mbali vilevile. Hapo nikasikia kicheko. Siku ya kurekodi, mwishoni mwa kiitikio kimoja, mwanamke mmoja aliachia kicheko kifupi kwa sababu mbuzi alimgusa mguu. Mimi nilimwona. Sasa kicheko kile kilikuwa mwisho wa kiitikio cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, kilekile, urefu uleule. Mbuzi hawezi kuwa alimgusa kila mara. Yule kijana alichukua kiitikio kimoja alichokiona kizuri akakibandika kila mahali, kama mtu anayepiga mhuri.

Hapo nikaelewa na lile lingine. Wanawake wale wakiimba wanaanza taratibu na kuongeza mwendo, mwisho wanakuwa wanakimbia, kwa sababu mtoto anakaribia. Kwenye simu walikuwa na mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, wamefungwa kwenye dramu kama ng'ombe wa plau.

Kilichobaki ni kile kinachosikika sawa masikio yote mawili, yaani katikati. Katikati nilikuwepo mimi, safi, nimeoshwa vizuri, nang'aa. Na mama mkwe. Sauti ya mama mkwe huwa inateremka, haina ngazi, inatoka juu na kushuka kama maji ya mvua yanavyoshuka mlima Hanang. Hapa ilikuwa inashuka ngazi. Noti, noti, noti. Alikuwa amenyooshwa na kompyuta mpaka akawa msichana wa kwaya.

Nilipomaliza, ziwa lilikuwa limekauka na mtoto amelala. Mume wangu alipoingia nilimwambia yote.

"Lakini gitaa linasikika vizuri," akasema.

"Linasikika peke yake."

"Mama hajui mambo ya studio."

"Kamwambie wewe hivyo. Yupo zizini."

Hakwenda. Akakaa, akavaa eafoni ya kushoto, kisha ya kulia, na nikaona uso wake ukibadilika. Lakini akasema tu kwamba yeye ameshamwambia prodyuza wimbo umepita, sasa atarudije. Nikamwambia yeye hatarudi, nitarudi mimi.

Asubuhi nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda bodaboda hadi Katesh. Kijana nilimkuta anapiga mswaki mlangoni.

"Dada, karibu. Umesikia kazi hiyo?"

"Nimeisikia. Umeharibu."

Akatema mate. Nikamweleza, kushoto, kulia, katikati, kicheko, bangili. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mteja anayelalamika kwamba suruali imebana.

"Hizo bangili ni kelele, dada. Nimesafisha. Na wale mama walikuwa wanaingia kabla ya wakati, kila mstari. Nimewasahihisha."

"Umewasahihisha."

"Kitaalamu kiitikio kinaanza pale mstari unapoishia. Mimi nimewasaidia. Ukiacha vile redioni watakucheka."

"Fungua ile rekodi mbichi, uwarudishe."

"Shemeji amekwisha kubali. Na mnada ni kesho kutwa." Mtoto akaanza kulia mgongoni. Akaninyooshea mswaki. "Mama, kanyonyeshe mtoto. Haya mengine tuachie sisi."

Nimeshaambiwa maneno mengi katika maisha yangu, lakini hayo yalinikuta nikiwa nimechoka kwa namna ya pekee. Nilimpita mlangoni, nikaingia studio, nikakaa kwenye kile kiti chake kinachozunguka, nikamshusha mtoto, nikanyonyesha. Palepale, mbele ya kompyuta. Yeye akabaki amesimama, hana pa kukaa, hana pa kutazama. Binti yangu ananyonya taratibu, nimeshasema. Tulikaa sana. Mteja mmoja akaja, akachungulia, akaondoka.

Nilipomaliza nikamwambia, "Nimenyonyesha. Sasa fungua."

"Dada, siwezi kufanya kazi kwa amri."

Niliondoka bila kitu. Njiani nilimlaani yeye na mswaki wake na ukoo wote wa mashine, na nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe kumwambia nimeshindwa, awaambie wenzake wimbo hautatoka, neno lake libaki zima.

Alikuwa anapaka mafuta ngozi. Akasema, "Alisema tunaingia kabla ya wakati?"

"Ndiyo, mama."

"Wakati wa nani?"

Nikamshusha mtoto mgongoni.

"Siku ya mnada tunapita kwake," akasema. "Si ni njiani?"

Siku ya mnada walitoka mapema kuliko kawaida, wamevaa kamili, na mimi katikati yao na mtoto wangu. Yule mama mrefu alikuwepo. Hakunisalimia, nikamsalimia mimi, shikamoo, akaitikia akitazama mlima. Tulipofika Jorodom wakaketi barazani pa studio, wote, kimya, wamenyoosha miguu.

Kila mtu wa Hanang anajua maana ya wanawake wa tambarare kuketi pamoja kwa ajili ya mwanamume. Mwanamume akimkosea mwanamke mwenye mtoto mchanga, wanawake wanaketi, na hawainuki mpaka atoe fidia ya dume jeusi la ng'ombe. Kijana alifungua mlango, akawaona, na ule mswaki nusura aumeze.

"Dada," akaninong'oneza. "Wamekuja kunishtaki?"

"Wamekuja kusikiliza wimbo wao."

"Shikamooni mama zangu," akasema, na safari hii aliinama hasa. Wakaitikia. Akageuza spika zake kubwa zikatazama mlangoni, akaucheza.

Mashairi yangu yakapita. Wanawake wakasikiliza kwa adabu. Halafu mama mkwe wa kwenye mashine akaanza kuongoza. Mama mkwe wa barazani alikuwa amefunga mdomo, anatazama miguu yake. Mstari ulipokaribia mwisho, kabla haujaisha, wanawake wa barazani wakaitikia. Hakuna aliyewaambia. Mwili tu. Wakaingia pale pao pa siku zote, miguu ikagonga sakafu, shaba ikalia, na walipokwisha maliza, ndipo wanawake wa ndani ya spika wakaanza kuitikia.

Wakasikia. Wakatazamana. Mstari wa pili ukaja, wakaingia tena, na tena wale wa spika wakachelewa nyuma yao, peke yao, kama watu waliofika arusini pilau limekwisha.

"Hawa wa sandukuni wamelala," mama mmoja akasema.

"Si kulala. Wamekula ugali wa huko juu," mama mkwe akasema, akanitazama kwa jicho la pembeni.

Wakaangua kicheko mpaka mmoja akalala ubavu. Mimi pia nilicheka, machozi yananitoka. Lakini kijana hakucheka. Alikuwa amesimama na mkono kichwani. Akarudisha wimbo nyuma, akaucheza tena, akitazama midomo yao badala ya kompyuta. Wakaingia. Spika zikachelewa. Akasimamisha.

"Hawakosei," akasema.

"Hawajawahi kukosea."

"Kila mara ni palepale. Mimi nilidhani hawana taimingi." Akageuka kunitazama. "Kwa nini wanaingia hapo?"

Nikamwambia. Nikamwambia huyo anayeongoza yuko kwenye uchungu, na wenzake hawamwachi hata kwa pumzi moja, na wewe kwa kompyuta yako umewaondoa wote chumbani, ukamwachia ukimya, halafu ukawarudisha wakati mambo yamekwisha. Nilisema kwa ukali kuliko ilivyohitajika na sijutii.

Akaketi. Akafungua ile mbichi.

Nikaketi pembeni yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikachomeka eafoni yangu ya kushoto kwenye mashine yake ya shilingi nyingi, na tukaanza. Kwanza akatoa vile vilivyobandikwa, akaweka viitikio vyote kama vilivyoimbwa, kila kimoja na uzito wake, kicheko kikabaki mahali pake pamoja na mbuzi wake. Akatoa ile dawa ya kunyoosha sauti, na mama mkwe akateremka tena kama maji. Akafungua mlango uliokuwa umezibwa kwenye bangili. Nikazisikia kushoto, mahali alipokuwa amesimama, zinagonga, zinapumua.

"Zinafunika upatu," akasema.

"Ndiyo. Toa upatu."

"Nitoe upatu?"

"Bangili ndiyo upatu."

Akatoa. Akasikiliza. Sijui alisema nini kwa midomo, lakini ilikuwa kitu kama sala.

Tatizo likawa dramu. Wanawake wanaongeza mwendo, dramu haiongezi. Walikuwa wanagombana kama fahali wawili. Kijana akasema hapa pamekufa, mpiga dramu yuko mbali, itabidi arudie, na mnada umekwisha anza. Nilikaa nikiwasikiliza wanawake barazani. Walikuwa wamechoka kusubiri, wameanza kuimba wenyewe kwa wenyewe, taratibu, na sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya ndoo yangu.

"Nyamazisha dramu," nikasema.

"Zote?"

"Kwenye kiitikio, zote. Na besi. Miguu ipo. Dramu zirudi mimi ninapoanza shairi langu."

Akanyamazisha. Kiitikio kikaingia bila chochote isipokuwa wanawake, miguu na shaba, na kikawa kikubwa kuliko kilipokuwa na vyombo vyote. Halafu shairi langu likaingia, dramu zikaanguka kama tofali, na kijana akaruka kwenye kiti.

Mume wangu, naye akielekea mnadani, alifika wakati huo, kafuata kelele. Mama yake alimtazama tu. Akaja akasimama nyuma yetu, akasikiliza gitaa lake lilivyojaza kushoto, na bila kuambiwa akainama, akashika kipanya mwenyewe, akaliteremsha.

"Hapo?" akauliza.

"Zaidi," nikasema.

"Hapo?"

Mama mkwe, kutoka mlangoni, kwa lugha yao: "Zaidi."

Akateremsha mpaka gitaa likakaa pale mtoto wa kiume anapokaa mama yake akizungumza, likasikika bila kuingilia. Nilimpenda sana mume wangu dakika ile, ingawa sikumwambia, bado nilikuwa namdai hasira.

Wimbo ulipochezwa wote kwenye spika kubwa, wanawake wa barazani waliitikia, na wale wa ndani waliitikia nao, palepale, sauti moja. Mama mkwe alifumba macho. Mwisho akasema neno moja, "Wapo."

Mnadani ulikuwa umebaki muda wa kutosha. Gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa karibu na zizi la kuuzia ng'ombe, linatangaza dawa za kupe. Kijana mwenyewe alipeleka wimbo, anakimbia, viatu vimejaa vumbi. Nilisimama kwenye nyama choma na mtoto mgongoni, sijui nishike nini.

Gitaa likaanza. Wauza ng'ombe wachache wakageuka. Nikajisikia naimba juu ya vichwa vya watu wote wale, na nilijiona mrefu kama mlima. Halafu sauti ya mama mkwe ikatoka kwenye yale mabomba ya spika juu ya gari, na mstari ulipokuwa bado haujaisha, mnada ukaitika. Wanawake ambao sijawahi kuwaona, wauza maziwa, wauza shanga, waliotoka maboma ya mbali, waliitikia wakiwa wamesimama walipo, mizigo mikononi, mapema, mahali pake. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapatana bei ya mbuzi aliitikia huku ameshika sikio la mbuzi, akamaliza, akaendelea kupatana. Wanaume wakanyamaza. Na bangili zilisikika. Kwenye yale mabomba mabovu ya gari la dawa za kupe, zilisikika.

Walidai urudiwe. Ukarudiwa mpaka mwenye dawa akalalamika. Dada yake mama mkwe, aliyeolewa Yaeda Chini, ambako hata gari linafika kwa kuomba Mungu, alipiga simu kabla mwezi haujaisha kusema wimbo umemfikia kwa simu ya mchunga ng'ombe mmoja, na amemsikia dada yake anaongoza, na kwa nini hakuitwa.

Lakini siku ile ile ya mnada, tulipokuwa tunarudi, yule mama mrefu alipunguza mwendo mpaka akawa sambamba nami. Akamtazama mtoto mgongoni, akamfunika mguu uliokuwa umetoka nje ya kanga.

"Mtoto wa mahindi," akasema. "Kumbe una masikio."

"Nina eafoni mbovu, mama."

Hakuelewa, au hakujali. "Zaa mwingine tuje tukuimbie."

"Jamani, subirini kwanza huyu aache ziwa."

Akacheka kwa ile sauti yake ya filimbi, na wale waliokuwa mbele wakaanza kucheka kabla hawajajua tunacheka nini.